Unga wa Siku Moja

Nyinyi mnaofanya kazi chini ya mkubwa anayejua kusema, kaeni hapa kidogo. Wale ambao mkubwa wao anasinzia mkutanini waende zao, wao wako salama.

Mjukuu wangu ameajiriwa kwenye shirika moja pale Kasulu mjini. Kila akija kunisalimia ni habari za mkurugenzi wao tu. Mkurugenzi kasema hivi, mkurugenzi kabuni vile, mkurugenzi akiingia ukumbini watu wanasimama bila kuambiwa. Nikamuuliza, "Na nyinyi huwa mnamwambia nini?" Akafikiri, akasema, "Bibi, sisi tunamwambia ndiyo." Siku hiyo hiyo nikamtuma daftari. Nimesoma madarasa mawili, kwa hiyo msitafute humu maneno ya chuo. Nitawaeleza muhogo.

Kazi yangu maisha yote ilikuwa unga wa muhogo. Nilizaliwa upande wa Mabamba, Kibondo, nikaolewa Kasulu, njia ya kwenda Kitanga. Kijiji sikitaji, wajukuu wa wahusika bado wapo na wana midomo. Miaka ile ya sabini tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba yetu tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, mlango wangu ukatazama choo cha mwenzangu. Tukapewa shule, zahanati na ghala. Wanawake tukaundiwa Kikundi cha Unga. Unga wetu ulikuwa unakwenda kupikwa shuleni, watoto wale ugali mchana. Mmoja wa watoto hao alikuwa Anastazia wangu, Anasi kwa kifupi, darasa la tatu, mwembamba kama ufito na mbishi kuliko mbuzi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Muhogo wa kwetu ni mchungu. Una sumu. Panya anajua, nguruwe pori anajua, mtu wa pwani hajui. Unaumenya, unauloweka mtoni siku nne mpaka ukiubonyeza kidole kinazama kama kwenye ndizi iliyoiva. Unatoa nyuzi za katikati, unaumomonyoa, unauanika, unatwanga, unachekecha. Huo ndio unga wa kivunde. Unanuka, na lazima unuke. Uko muhogo mwingine mtamu unaokatwa na kuanikwa bila kuloweka, unaitwa makopa, lakini huo kwetu ulikuwa mchache, wa kutafuna watoto wakitoka shule.

Na kabla ya kupika, mama yangu alikuwa anaonja. Anabana unga mkavu kwa vidole viwili, anaugusisha ncha ya ulimi. Ukimuuma anaumwaga, hata kama ni debe zima, hata kama wageni wamekaa. Hakuwa anaeleza sababu. Alikuwa anamwaga tu.

Basi akaletwa Bwana Maendeleo mpya. Jina lake Seifu, kijana wa kutoka pwani ya Tanga, amevaa kaunda suti na viatu vya raizoni, vile vya kisigino kama tofali. Mvua ilikuwa imenyesha. Kuanzia kwenye gari mpaka ghalani alianguka mara moja na kuponea mara tatu, na kila mara aliinuka akicheka kana kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga. Pale pale nusu ya wanawake walikuwa wake.

Kwetu mwanamke akimsalimu mtu wa heshima anainama na kupiga makofi taratibu. Tulikuwa zaidi ya ishirini. Tukainama, tukapiga makofi, "Mwakeye, mwakeye." Mwenzetu akadhani anashangiliwa. Akainua mikono yote miwili. "Asanteni! Asanteni sana mama zangu!" Hajasema neno hata moja.

Mama Zebedayo alikuwa amesimama karibu yangu. Akaninong'oneza, "Anashukuru nini huyu?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Amefurahi."

Hatukumwambia kamwe kwamba ile ilikuwa salamu. Kosa letu la kwanza hilo, na lilikuwa tamu.

Halafu akaanza kusema. Wajukuu zangu, mimi nimesikiliza maaskofu, nimesikiliza wakuu wa wilaya, nimesikiliza wauza dawa za minyoo sokoni Kibondo. Hakuna aliyesema kama Seifu. Alikuwa anakutazama wewe peke yako, na mwenzako wa pembeni naye anaapa alikuwa anatazamwa yeye. "Nani kasema mwanamke wa hapa kazi yake ni kufuata tu? Nani kasema wewe huwezi kubuni?" Sisi wenyewe ndio tulikuwa tumesema, lakini hatukumjibu. Nilirudi nyumbani sikumbuki hata sentensi moja, nikakanda udongo nikasiriba ukuta uliokuwa umebomoka miaka miwili. Mume wangu akauliza kama nimeugua.

Msinielewe vibaya. Yule mtu alitusaidia. Kabla yake tulikuwa tunaanika muhogo chini, juu ya mawe, kuku anapita, mbuzi anakojoa. Siku moja akauliza, "Kwa nini chini?" Hakuna aliyekuwa amewahi kutuuliza kwa nini. Mama Zebedayo akafikiri siku mbili akatengeneza kichanja cha mianzi, juu ya miguu minne. Upepo ukawa unapita juu na chini, muhogo ukakauka upesi na mweupe. Seifu akaazima ubao wa shule, akautundika ghalani, akaandika kwa chaki: FUNDI WA WIKI. Chini yake jina la Mama Zebedayo. Tukamwimbia wimbo, akazungushwa ghala zima, akalia.

Mimi nilikuwa na watoto wanne, nimelima, nimetwanga, nimezika wazazi. Jina langu lilikuwa limeandikwa mara moja tu, na padri, siku ya ubatizo, na alilikosea. Niliutazama ule ubao nikasema moyoni, huyu Zebedayo asizoee.

Wiki iliyofuata nikaja na la kwangu. Badala ya kuloweka muhogo mzima, tuupasue kwanza katikati, maji yaingie upesi. Tukajaribu. Siku tatu ukawa umelainika badala ya nne. Seifu akarusha chaki juu. Jina langu likapanda, nikaimbiwa. Niseme ukweli, nilikwenda ghalani mara mbili siku ile kulisoma, na kusoma kwenyewe kwa tabu.

Mama Zebedayo naye hakulala. Akachimba madimbwi pembeni ya mto, yenye maji machache yanayopata jua. Maji ya moto moto, muhogo ukalainika siku mbili. Jina lake likarudi. Na hii ni kweli, ilifanya kazi. Sote wawili tulikuwa wabunifu halisi, kama mnavyosema siku hizi.

Lakini hayo tuliyafanya miezi ya joto. Ikaja baridi ya mwezi wa sita, ile inayokufanya uione pumzi yako unapochota maji. Madimbwi yakawa ya barafu. Siku mbili zikipita, muhogo mgumu kama mguu wa meza. Je, tulisema? Aseme nani? Mimi siku yangu moja ilikuwa ubaoni, Zebedayo siku yake moja ilikuwa ubaoni. Tukawa tunaugonga muhogo kwa mawe ili uonekane umelainika. Seifu akapita, akabonyeza kwa kidole, "Safi sana! Mnaona? Hata baridi haituwezi!" Sote tukacheka. Hakuna aliyekuwa amesema baridi haituwezi isipokuwa yeye, lakini kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema.

Niwatoe njiani kidogo. Miaka mingi baadaye kikundi kiliongozwa na Mzee Bukuru, mtu wa hapa hapa. Akisema unadhani anatafuta jino lililoangukia mdomoni. Kwa Bukuru ulikuwa unaweza kusimama ukasema, "Mzee, hili ni upuuzi," naye anaitikia, "Ee, labda," anaendelea kujikuna. Makosa yalikuwa yanaonekana asubuhi na mapema. Lakini kichanja kimoja kilimchukua miezi minane, na wazo zuri likiletwa kwake lilikuwa linakufa polepole kama mgonjwa asiye na ndugu. Kwa hiyo msidhani nawaambia mtafute mkubwa aliyepooza. Nimefanya kazi na wote wawili. Bukuru alinichosha miguu, Seifu alinichosha akili, na sikujua kama imechoka.

Turudi. Nyumba ya mwisho kijijini alikuwa anakaa Mama Nestori. Alikuwa ametoka Burundi, amevuka na watoto wake na mkeka kichwani, wakati ule watu walipokuwa wanavuka wengi. Alikuwa kwenye kikundi, lakini haimbi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitumia kwa uangalifu kama chumvi. Nikawa nasikia kwamba nyumbani kwake unga unapatikana upesi na hauna kasoro. Nikaenda.

Hapana, sikuenda kubisha hodi. Nilichungulia kwenye ua wa minyaa. Nikamwona anatwanga muhogo mbichi kwenye kinu mpaka ukawa kama uji mzito, akautia kwenye gunia, akaligandamiza kwa mawe, maji yakachuruzika. Hapo mtoto wake akatoka nje, nami nikajifanya natafuta mbuzi, nikaondoka.

Kesho yake nikasimama ghalani. Nikasema nimegundua. Tusiloweke kabisa. Tuponde mbichi, tukamue, tuanike. Asubuhi muhogo, jioni unga mkavu.

Seifu akanijia, akanishika mikono yote miwili. "Siku moja?"

"Siku moja."

"Mama Anasi," akasema, na machozi yalikuwa yanamlenga kweli, "nitawaleta watu wa wilaya waje wakuone."

Mama Nestori alikuwa amekaa kwenye pembe anamenya. Aliinua macho, akanitazama, akarudi kwenye muhogo wake.

Jina langu likaandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mistari miwili. Na kazi ikaanza. Sasa, kutwanga muhogo mbichi wa kulisha shule nzima kunavunja mgongo. Wanawake wakachoka. Mmoja akaona aukatekate tu kisha augonge gonge, inatosha. Mwingine akaona magunia ya kukamulia ni machache, akapitisha bila kukamua, si utakauka juani? Kila mmoja akapunguza kidogo, na kila mmoja alipunguza kwa mapenzi. Seifu hakutuma mtu afanye hivyo. Alikuwa anapita tu, anatabasamu, nasi tulikuwa tunataka atabasamu tena.

Mtauliza, hamkuonja? Kuonja kulikuwa kumegeuka matusi. Siku moja nilimwona Mama Zebedayo amebana unga kwa vidole, anaupeleka mdomoni. Wanawake watatu wakamkazia macho. Akajikuna mdomo, akaufuta unga kwenye kanga. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu.

Anastazia ndiye aliyeanza.

"Mama, ugali wa shule unaumiza kichwa."

"Ni jua. Funga kitambaa."

"Jumamosi mbona hakiumi? Jua si lipo?"

"Anastazia."

"Na Paulina ametapika. Na Yeremia anasema miguu yake haimo."

"Ule ni unga wa Bwana Seifu," nikamwambia, kana kwamba nimemjibu. "Kula, nyamaza."

Akala. Mtoto mbishi vile, siku ile alinitii. Hilo ndilo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka, kwamba siku ambayo ubishi wake ungemfaa, mimi ndiye niliyeuvunja.

Siku mbili baadaye mwalimu alimleta zahanati amembeba mgongoni. Macho hayatulii, shingo haishiki, akisimamishwa anakwenda upande upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Watu wazima wa kwetu wanaijua hali hiyo. Muhogo umemlevya. Na ulevi ule si wa kuchekwa, kuna wanaolala nao wasiamke. Mganga wa zahanati, aliyekuwa ametoka Mbeya, akaniuliza, "Mama, amekula nini?"

Mimi, Fundi wa Wiki, nikajibu, "Maharage."

Nilisema hivyo. Nimeliandika ili mjue mtu mwenye akili zake anaweza kufika wapi. Mtoto wangu anatapika kwenye beseni, nami nasingizia maharage ya Kasulu ambayo hayajawahi kumdhuru mtu, isipokuwa kwa kelele.

Alasiri Mama Nestori akaja. Akamgusa Anastazia paji la uso, akakaa chini kando yangu.

"Yoo, Mama Anasi. Mliulaza?"

"Kulaza nini?"

"Muhogo. Ukisha kutwanga na kukamua, unaulaza kwenye kikapu, unafunika majani, mpaka kesho yake unanuka. Ndiyo unaanika."

"Sikuona hapo."

"Ego, ndiyo. Najua. Uliona mwanzo ukaondoka. Mwisho ukaniachia mimi."

Nikashindwa kumtazama. "Uliniona kwenye minyaa?"

"Kanga yako nyekundu."

"Sasa mbona hukusema siku ile ghalani?"

"Ningemwambia nani?" akasema. "Mlikuwa mnaimba."

Wajukuu zangu, nimetukanwa na mawifi, nimetukanwa na mume akiwa amelewa na akiwa hajalewa. Hakuna lililonipata kama hilo.

Anastazia alitapika mpaka akawa hana cha kutapika, kisha akalala, nami nikamkalia nikisikiliza anavyovuta hewa. Asubuhi alifungua macho akaomba maji. Na asubuhi hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya wageni wa wilaya. Sufuria zilikuwa zimeshainjikwa shuleni. Watoto wote wangekula unga wa siku moja mbele ya wakubwa, na wakubwa nao wangeonjeshwa. Nikamwacha Anastazia na Mama Nestori, nikaenda mbio kwa Seifu.

Nilimkuta anang'arisha raizoni zake. Nikamweleza yote: mtoto, minyaa, kikapu, maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha. Halafu akasema. Akasema mama anapouguliwa huona giza kila upande. Akasema kila jambo jipya duniani lina siku yake ya hofu. Akasema watoto huugua kwa sababu nyingi, homa, minyoo, na kwamba mimi, mimi mwenyewe, ndiye taa ya wanawake wa nyanda hizi, na taa haiwezi kujiogopa. Nikatoka pale natabasamu. Haki ya Mungu natabasamu! Nimefika kwenye mtaro wa barabara ndipo nikajikuta nimeshika kwenye mkono kitambaa cha mwanangu chenye matapishi. Nikakinusa. Nikageuza.

Sikurudi kwa Seifu. Mtu kama yule usimfuate mkiwa wawili tu chumbani, atakuosha upya. Nilipita ghalani nikachota bakuli la unga, nikaenda shuleni.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vya walimu. Watoto mstari mrefu, sahani mkononi, na wa mbele walikuwa wameshapakuliwa. Seifu amesimama katikati amenyoosha mikono, anasimulia ubunifu. Nikapita mbele ya wageni wote bila kuinama. Kijiji kizima kikavuta pumzi.

"Bwana Seifu," nikasema kwa sauti. "Tangu umekuja, umewahi kuuonja unga wetu?"

Akacheka. "Mama Anasi, ndiye huyu niliyewaambia!"

"Nimekuuliza swali."

Hakuwa amewahi. Wote tulijua alikuwa anapikiwa wali. Lakini mbele ya watu Seifu hakuweza kukataa kitu. Akachukua bakuli. "Kwa heshima ya fundi wetu!" Na wala hakubana kwa vidole viwili kama mtu anayejua, alichota konzi nzima akatia mdomoni.

Nilitazama uso ule. Kwanza ulitabasamu, kwa mazoea. Halafu tabasamu likabaki peke yake, mwenyewe ameondoka. Mate yakamjaa. Akageuka, akatema nyuma ya kiti cha mgeni mkubwa. Kisha akawatazama watoto, na wa mbele alikuwa ameshafinyanga tonge.

"Wekeni chini!"

Sijasikia tena sauti kama ile. Sahani zote zikashuka, mstari mzima, kwa pamoja. Hata mgeni mmoja aliweka chini kalamu yake. Ningepiga kelele mimi, watoto wale wenye njaa wangenitazama huku wanatafuna. Lazima niseme hili, maana najua kusema ubaya na sitaki mje mniambie nimeficha: midomo iliyotuzungusha ndiyo hiyo hiyo iliyowaokoa.

Msifikiri aliishia hapo, sasa. Mgeni mkubwa akauliza, "Kuna nini, ndugu?" Seifu akameza mate, akajifuta, akaanza. "Ndugu wageni, mmeshuhudia wenyewe. Hiki ndicho kijiji ninachokijenga. Kijiji ambacho mama wa kawaida anathubutu kumkosoa kiongozi wake hadharani!" Wageni wakaandika kwenye madaftari. Wakampongeza. Mama Zebedayo akaja akasimama kando yangu.

"Amekula sumu, amekula aibu, na bado ameshiba," akasema.

Wakati jua linaanza kupinda alikuja zahanati peke yake, bila kaunda, na ndala miguuni. Akakaa kwenye kibenchi karibu na kitanda cha Anastazia. Hakusema kitu muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba sumu imemfika kwenye ulimi. Mwishowe akauliza, "Zile siku nne zilikwenda wapi?"

Nikamhesabia. "Moja niliitoa mimi kwa kupasua. Moja Zebedayo kwa madimbwi. Mbili nikazitoa mimi tena kwa wizi. Kukamua kulitolewa na wengine."

"Na mimi nilitoa ngapi?"

"Wewe hukutoa hata saa moja," nikamwambia. "Wewe ulifurahi tu."

Akainamisha kichwa. Nadhani angependa nimwambie alitoa zote nne.

Watoto wengine walioumwa walipata nafuu, namshukuru Mungu. Ule unga tuliufukia. Seifu akamwomba Mama Nestori atufundishe, mwanzo na mwisho. Akakubali kwa masharti mawili. Jina lake lisiandikwe popote, na kila mwanamke aonje unga wa mwenzake, siyo wa kwake. Hilo la pili sisi tusingelifikiria hata kwa miaka kumi. Unga wa kwako unauonea huruma, wa mwenzako unauonja kwa ulimi wote. Tukatwanga, tukakamua, tukaulaza, ukanuka, tukauanika. Siku tatu. Mama Zebedayo alipoonja wa kwangu mara ya kwanza alifumba macho makusudi muda mrefu, mpaka nikamwambia tema au meza, shetani weye. Akameza.

Ubao ulirudi shuleni. Seifu alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha akahamishwa. Siku ya kuondoka wanawake walilia, na mimi nililia. Kila alipoanza hotuba tangu siku ile, alikuwa ananitafuta kwa macho kwanza, na mimi nilikuwa nakunja uso, hata kama nimependezwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpya na sikulipwa.

Kwa hiyo wewe mjukuu wangu na wenzako, sina la kuwafundisha kuhusu wakurugenzi. Najua hili tu. Mkubwa akikufurahia sana, jiulize umeacha nini njiani ili afurahi. Ukitaka kumpinga, mpinge mbele za watu na uende na kitu mkononi, siyo maneno, maana kwa maneno atakushinda. Na yule wa kwenye pembe anayemenya bila kuimba, msalimie.

Anastazia tulimrudisha nyumbani siku ya tatu. Jumapili yake nikapika ugali wa unga mpya, wenye siku zake zote, na dagaa wa Kigoma walioungwa kwa mawese, anavyopenda. Nikamwekea sahani. Akaitazama. Akanitazama.

"Kula, mwanangu. Mama Nestori ameuonja."

"Anza wewe," akasema.

Mtoto wa darasa la tatu, mbele ya baba yake. Siku nyingine angekula kofi. Nikanawa mikono, nikamega tonge, nikachovya, nikameza. Nikamega la pili. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama macho yangu kama yatazunguka, na shingo yangu kama itashika. Sikumharakisha. Dagaa wakapoa, mawese yakaanza kuganda pembeni mwa sahani, ndipo akanyoosha mkono.